Kwa Sleji Kuvuka Jimbo la Akulliq

Kutoka Winnipeg, ndege ya kwenda Naujaat hupitia Rankin Inlet, kwenye pwani ya magharibi ya Ghuba ya Hudson. Anayekwenda Kugaaruk huzungukia Yellowknife, upande mwingine kabisa. Vijiji hivyo viwili vya kaskazini ya Kanada vimeachana kilomita 270 hivi, lakini kimoja kiko mkoa wa Kivalliq na kingine Kitikmeot, na hata saa zao hazilingani. Pamoja na hayo, kuanzia 1999 hadi 2013 vilikuwa jimbo moja la uchaguzi, Akulliq, lenye mbunge mmoja katika Bunge la Nunavut, eneo la Kanada lenye serikali yake, lililomegwa kutoka Northwest Territories mwaka 1999. Nilitaka kulivuka jimbo hilo juu ya barafu, kwa njia wanayopita wenyewe.

Nilifika Naujaat mwezi wa nne, jua likichelewa kuzama na bahari ikiwa bado imeganda. Mwenyeji wangu, mwindaji mtu mzima, alikuwa anapakia sleji ya mbao, chombo cha kuburutwa juu ya theluji, wenyewe wanaiita qamutiik. Niliinama kuitazama vizuri. Miti miwili mirefu ya kutelezea, juu yake vibao vimepangwa kama ngazi, na kila kibao kimefungwa kwa kamba. Hapakuwa na msumari. Nilishika kibao kimoja nikakitikisa, kikacheza. Mzee akanieleza kwamba barafu ya baharini ina matuta, na kilichopigiliwa misumari hupasuka kikikutana nayo, ila kamba hukubali kupinda.

Tukaondoka, yeye akiendesha pikipiki ya theluji, mimi nimeketi nyuma juu ya ngozi. Tulipita shingo ya nchi inayoitwa Rae, kwa jina la John Rae, Mskochi aliyeivuka mwaka 1846. Mbele yake ni Ghuba ya Committee, kisha rasi ya Simpson. Baridi ilinikamata vidole mpaka nikawa nahesabu vituo vya chai.

Ni kwenye kituo kimojawapo, chai ikifuka moshi, ndipo nilipomuuliza habari za 2008.

Nunavut ilipopiga kura yake ya kwanza, tarehe 15 Februari 1999, Akulliq ilimchagua Ovide Alakannuark. Mwaka 2004 akaingia Steve Mapsalak, mtu wa Naujaat. Oktoba 2008 Mapsalak alitetea kiti chake dhidi ya John Ningark wa Kugaaruk, aliyewahi kuwa mbunge enzi eneo hilo likiwa bado sehemu ya Northwest Territories. Kura zikalingana. Zikahesabiwa upya, zikalingana tena. Jimbo zima lilikuwa na watu kama 1,400, watoto wakiwemo, kwa hiyo ndugu mmoja aliyekuwa safarini kuwinda siku hiyo angeweza kuamua kila kitu.

Huko vyama havipo. Kila mgombea husimama peke yake, na wabunge wakishapatikana hukaa pamoja kumchagua Waziri Kiongozi kwa kura ya siri. Novemba 2008 walimchagua Eva Aariak, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, akimrithi Paul Okalik aliyeiongoza Nunavut tangu ilipoanzishwa. Akulliq haikuwa na mtu ndani ya chumba kile. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia: vijiji viwili vilijitokeza kupiga kura, na usawa wenyewe wa kura ukavinyima sauti siku ya kumpata kiongozi wa eneo lao. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 2 Machi 2009, Ningark akashinda.

“Nyumba nyingine ziligawanyika?” nilimuuliza mzee.

“Mke wangu ana ndugu Kugaaruk,” alijibu, akimimina chai iliyobaki. “Unadhani ningemwambia nini?”

Hapo nikaelewa kwa nini jimbo lilichorwa vile. Familia nyingi za Naujaat asili yao ni upande wa Kugaaruk. Wanaoana, wanawinda pamoja, na njia tuliyokuwa tunapita ndiyo ya kwenda misibani na harusini. Ofisi za mikoa zinatazama kwingine, watu wanatazamana wenyewe. Kwa maoni yangu mpaka wa 1999 ulikuwa na busara.

Haukudumu. Bunge lilipoongezwa kutoka viti 19 hadi 22, Akulliq ilifutwa kwenye uchaguzi wa 2013. Naujaat iliunganishwa na Coral Harbour, iliyo kisiwani, ikawa Aivilik, na Mapsalak akarudi bungeni kupitia huko. Kugaaruk iliunganishwa na Taloyoak, likawa jimbo la Netsilik.

Tuliingia Kugaaruk tukiwa tumechoka. Kesho yake nilipelekwa kuliona kanisa la mawe lililojengwa mwaka 1941 chini ya Padri Pierre Henry, mahali ambapo mti hauoti. Mama aliyenipeleka nilimuuliza kama wanalikumbuka Akulliq. Akasema kilichomkera ni kumpigia kura mtu wa Taloyoak huku dada yake wa Naujaat akichagua wengine. Mbunge wa kwanza wa Netsilik mpya, Jeannie Ugyuk, alijiuzulu mwaka 2015, na uchaguzi mdogo wa Februari 2016 ukampa kiti Emiliano Qirngnuq, mtu wa hapohapo Kugaaruk. Usiku wa matokeo, mama alisema, simu ya kwanza aliyopiga ilikwenda Naujaat.