Sauti ya bahari kwenye foklifti

Juzi nimetoka zamu alfajiri, usingizi ukakataa kuja, nikaitazama tena In den Gängen (yaani “Kwenye Korido”), filamu ya Kijerumani ya Thomas Stuber ya mwaka 2018. Hii ni mara ya nne. Kazi yangu ni kupanga mizigo usiku kwenye ghala moja nje ya Leipzig, kwa hiyo filamu hii naitazama kama mtu anayesimuliwa habari za kwao.

Christian (Franz Rogowski) anaajiriwa kwenye duka kubwa la jumla huko Ujerumani ya mashariki, upande wa vinywaji. Ng'ambo ya rafu, kwenye peremende, yuko Marion (Sandra Hüller), mke wa mtu. Christian akivaa koti la kazi huvuta mikono na kola ili tatuu zifichike. Hapo donge hunikaba kooni kila mara. Hujagusa hata boksi la kwanza, tayari umeshajificha.

Chumba cha barafu wanakiita Siberia. Tangi la samaki, waliobanana hadi hawana pa kugeukia, wanaliita Bahari. Basi ndani ya Siberia hiyo wawili hawa wanasuguana pua. Ni dakika za kuibia, maana saa zote ni za mwajiri.

Wengi husifia zaidi filamu nyingine ya mapenzi, Undine ya mwongozaji Christian Petzold (2020). Naipenda pia, lakini pale mapenzi yamebebwa na ngano ya kale ya binti anayeishi ndani ya maji. Hapa kuna mashine ya kahawa na kikeki chenye mshumaa mmoja. Novalis, mshairi wa ulimbwende wa Kijerumani (mkondo wa fasihi uitwao Romantik) aliyefariki 1801, alitaka kitu cha kawaida kipewe sura ya fumbo. Kwangu mimi, Stuber ndiye aliyemwelewa.

Halafu Bruno, mzee wa vinywaji. Kabla Ujerumani haijaungana mwaka 1990 alikuwa dereva wa malori, na duka limejengwa palepale yalipokuwa yakilala malori hayo. Anaikumbuka barabara, na hamu hiyo haina pa kwenda. Anajitoa uhai. Korido yake anakabidhiwa Christian.

Mwishoni Marion anamwomba Christian apandishe uma za foklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo, hadi juu, kisha azishushe polepole. Bruno ndiye aliyemfundisha Marion: ukitega sikio, ni mawimbi ya bahari.

Jana usiku nilijaribu. Mwenzangu akaacha paleti yake akauliza kuna nini. Nikamwambia nyamaza kwanza, sikiliza.