Siku moja yadi ya mbao Buguruni: kwetu neno ni pesa

Saa 12 na robo asubuhi. Lori kutoka Mafinga liliingia jana magharibi, dereva kalala humo humo mbele ya geti. Namkuta anapiga mswaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mzigo wako huo, mbili kwa nne tupu."

Mimi ni karani wa yadi ya mbao hapa Buguruni, Dar es Salaam, huu mwaka wa nne. Napima, naandika, na namweleza mteja anachonunua. Hilo la mwisho hakuna aliyenituma, lakini ndilo ninalolishikilia zaidi. Nimeona watu wakipoteza akiba ya miaka kwa sababu muuzaji na mnunuzi walitamka neno moja, kila mmoja na maana yake.

Saa 1. Vijana wanashusha, mimi na futi kamba. Mbili kwa nne maana yake unene inchi 2, upana inchi 4, na urefu uliozoeleka ni futi 12. Napima moja moja. Nyingi ziko sawa, ila zipo zinazosoma moja na robo tatu kwa tatu na nusu. Kama zingekuwa zimepigwa randa nisingesema kitu, maana randa lazima ile pande zote. Hizi bado zina manyoya ya msumeno. Zimepasuliwa pungufu tangu kiwandani.

Mtu atasema robo au nusu inchi ni nini. Kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, nguvu ya mbao kuhimili kupinda inakwenda kwa unene mara kimo mara kimo tena; kimo ni ule upana ukiisimamisha mbao. Piga hesabu: nzima inatoa 32, pungufu inatoa kama 21. Theluthi ya nguvu imeondoka, na mwenye nyumba kalipia mbili kwa nne. Nazitenga, bosi anampigia simu mwenye mzigo. Dereva kanuna, na ninamwelewa, kosa si lake.

Saa 3. Anaingia mama anayejenga Chanika, mkononi karatasi ya fundi: papi za kupigilia bati mbili kwa mbili, kenchi mbili kwa nne, fisha bodi ya ukingo wa paa moja kwa nane.

"Mwanangu, hii moja kwa nane mbona nyembamba hivi na bei ni karibu na ile nene?"

Nikamwonyesha kwa kidole: mbili mara nne ni nane, moja mara nane ni nane. Kwa urefu ule ule wa futi 12, mti uliotumika ni sawa. Mita moja ya ujazo inatoa kama vipande 53 vya aina yoyote kati ya hizo mbili. Akacheka, akakaa kwenye benchi, tukaendelea vizuri.

Kisha swali linalonifanya nisimame: "Za dawa ni hizi za kijani?"

Kijani peke yake hakitoshi. Dawa ya kweli inaingizwa kwa mgandamizo ndani ya mtungi, inapenya nyama ya mti. Mbao iliyochovywa tu kwenye pipa inakuwa kijani juu, ndani nyeupe kama ilivyozaliwa, na mchwa wanaingilia pale pale fundi alipokata. Nikamwita kijana akate kipande katikati, mbali na kichwa cha mbao. Kijani kimeingia kutoka kingo zote, kimebaki kiini kidogo cha rangi ya asali, kwa sababu moyo wa paini hunywa dawa kwa shida. Mama alikishika kile kipande muda mrefu, akakitia kwenye mkoba. Anasema atakwenda nacho saiti.

Saa 6 mchana. Mama lishe wa ng'ambo ya barabara kaja kuokota mabaki ya kuni, kama kila siku. Kwenye ndoo yake naona vipande vya kijani. Nimekimbia. Dawa nyingi za kijani za mbao zina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Ukichoma inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Tumemwaga ndoo yote chini, tukachambua pamoja. Sasa mabaki ya dawa yana pipa lake lenye kufuli. Na mfugaji wa kuku akija kuchukua maranda ya kutandika bandani, namchotea ya mbao nyeupe tu.

Saa 8. Fundi wa Keko anataka marini bodi ya kabati la jikoni, kwa kuwa "haiingii maji". Hapa jina limeharibu kazi za wengi. Ile ya kahawia inayong'aa tunayoiita marini bodi ni plaiwudi ya kumwagia zege. Ngozi yake ya juu inazuia maji, lakini ukiikata kingo ziko wazi. Plaiwudi ya boti hasa ina gundi inayovumilia maji mpaka ndani, na matabaka yake hayana mapengo.

Tukainamia ukingo wa shiti ya milimita 18. Kila mstari pale ni vinia: gogo limezungushwa likamenywa kama muuza machungwa anavyomenya ganda bila kulikata, kisha matabaka yakalazwa kwa kupishana nyuzi, idadi witiri, ili shiti isijikunje. Tabaka la nne lina tundu la kuingia kidole. Nikagonga juu yake: mlio mtupu. Fundi akagonga mwenyewe, akaomba shiti nyingine. Tuligonga tano ndipo akachukua.

Saa 10. Mteja wa mlango, simu tu. Anataka mninga, nimemwambia sina.

Saa 11 na nusu. Muda huu niko na rundo la moja kwa nane lililopangwa kwa vijiti katikati, hewa ipite. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia fundi mmoja mbao hizi ni kavu, kwa sababu juu zilikuwa kavu. Milango mitatu ikapinda, akafidia yeye. Nilikuwa sijajua kwamba paini mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito kuzidi mti wenyewe. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo kila rundo lina ubao wake wa mfano. Naupima kila Jumamosi, mpaka uzito ugome kushuka.

Jumamosi iliyopita kilo 11 na nusu. Leo kilo 10 na gramu 900. Nachukua chaki, naandika tarehe kwenye kichwa cha rundo, na chini yake: MBICHI.