Tarakimu Moja Iliyopotea Juu ya Shati Jeupe

Babu yangu alipofariki, mimi ndiye niliyeombwa kutengeneza tangazo la mazishi la kusambazwa katika vikundi vya WhatsApp vya ukoo, kwa kuwa nyumbani kwetu Kisumu mimi ndiye mwenye kompyuta. Nilichagua picha yake akiwa amesimama ufukweni Dunga, amevaa shati jeupe, maji ya ziwa yakiwa meusi kando yake, kisha nikaandika jina, mahali na tarehe 14 kwa herufi nyeupe. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta sikuona kasoro. Hata hivyo, tarakimu 1 ilikuwa imeangukia bega la shati, na 4 ikabaki peke yake juu ya maji. Mzee mmoja aliyefanya kazi na babu kwa miaka mingi alisoma tarehe 4, akapanda matatu kutoka Busia hadi Kombewa, akafika siku kumi kabla ya mazishi. Alipokewa kwa heshima na kupewa chakula, lakini iliniuma sana kumwona akiondoka jioni ile.

Usiku huo nilikaa na GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nikitaka kuelewa kosa lenyewe. Nilikuwa nikiamini kwamba herufi huonekana kwa sababu ya ukali wa rangi, kumbe jicho husoma hasa tofauti ya mwanga na giza. Nyekundu juu ya kijani cha nyasi ni rangi mbili zilizo mbali kabisa, ila mwangaza wao hukaribiana, na msomaji hutaabika. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kurasa za intaneti, unataka uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeupe juu ya nyeusi hufikia 21 kwa 1, ilhali njano kali juu ya nyeupe haizidi 1 kwa 1 ila kwa kiasi kidogo mno. Kipimo rahisi ni kuiondolea picha rangi zote kwa muda: herufi zikizama katika kijivu, rangi haitaziokoa.

Kwa hiyo sasa huanza na picha iliyo nyuma ya maneno kabla ya kuzigusa herufi. Huongeza tabaka jipya kati ya picha na maandishi, nikalijaza weusi unaofifia polepole kutoka chini kwenda juu, kisha nikapunguza ukolezi wake hadi sura ya mtu ibaki wazi na maneno yasomeke. Pale ambapo picha haifai kutiwa giza, huzungushia herufi ukingo mwembamba wa rangi yenye mwangaza ulio kinyume. Toleo la 3.0 la GIMP, lililotoka mwaka 2025, limeweka ukingo huo ndani ya zana ya maandishi yenyewe, na maneno hubaki yanaweza kuhaririwa. Kivuli cha herufi hukitumia mwisho kabisa, tena kikiwa laini, kwa maana kivuli kizito huzifanya herufi ndogo zionekane mbilimbili.

Jambo jingine ni kwamba WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na kingo za herufi nyembamba huchafuka. Fonti nene hustahimili zaidi, na faili ikitumwa kama hati hubaki ilivyo. Faili yenye matabaka huihifadhi kando katika XCF, muundo wa faili wa GIMP yenyewe, maana tarehe za mazishi hubadilika.

Asubuhi nilimpa mama simu akiwa uani, kwenye jua, bila miwani yake. Akaisoma tarehe 14 kwa sauti kabla sijamuuliza, ndipo nikalituma tangazo upya, la kwanza kabisa likienda kwa yule mzee wa Busia.