Yeroboamu Aliporudi kutoka Misri

Wapendwa katika Bwana, juma hili naomba tukae na kitabu cha 1 Wafalme, sura ya 11 na ya 12, pamoja na mtu ambaye wahubiri wetu humkumbuka kwa ndama zake mbili za dhahabu tu, alizozitengeneza ili watu waziabudu wasiende Yerusalemu. Yeroboamu hakuanza kama mwasi. Alikuwa mtumishi wa Sulemani, kijana hodari aliyewekwa kusimamia kazi za nyumba ya Yusufu, mpaka Sulemani alipotaka kumwua, naye akakimbilia Misri kwa mfalme Shishaki. Aliporudi alisimama pamoja na watu mbele ya Rehoboamu, mwana na mrithi wa Sulemani, wakidai nira ipunguzwe. Serikalini, uhamishoni, upinzani, kisha kiti cha enzi: sisi tunaoishi Uganda hatuhitaji kamusi ya Biblia ili kumwelewa mtu huyu.

Milton Obote aliongoza upinzani bungeni kabla ya uhuru, akawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Mei 1966 jeshi lilishambulia Lubiri, jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, na Kabaka Mutesa II akatorokea London, ambako alifariki Novemba 1969. Miezi kumi na minne baadaye, Obote akiwa mkutanoni Singapore, Idi Amin alitwaa nchi, na yule ambaye utawala wake ulimfanya mwenzake kuwa mkimbizi akawa naye mgeni wa Mwalimu Nyerere huko Tanzania.

Tarehe 27 Mei 1980 alirejea, wala hakutua Kampala, bali huku kwetu magharibi, Bushenyi, mwendo mfupi tu kutoka Mbarara tunakosalia. Wazee husimulia hadi leo jinsi alivyopiga magoti akaibusu ardhi. Wapo wanaosema yalikuwa maigizo ya kisiasa, mimi sidhani. Mtu aliyekula chakula cha ugenini kwa miaka tisa anaweza kuubusu udongo kwa machozi ya kweli, na bado asijue amerudi na nini moyoni. Desemba mwaka huohuo alitangazwa mshindi wa uchaguzi ambao wapinzani wake waliukataa, vita vikaanza Februari 1981, na mauaji yaliyowapata wanavijiji wa Luwero katika vita hivyo yanajulikana. Julai 1985 maofisa wa jeshi lake mwenyewe walimpindua, akaishia Zambia. Alifariki Johannesburg Oktoba 2005, na serikali ya walewale waliompiga vita kutoka msituni ikampa mazishi ya kitaifa.

Sisemi haya ili kumhukumu marehemu, maana sura yetu inatupeleka kwingine. Tazama mstari wa 26 wa sura ya 12. Yeroboamu ana ahadi ya Mungu kwa kinywa cha nabii Ahiya, ana makabila kumi, ameshajenga Shekemu, na bado anasema moyoni mwake kwamba watu watamwacha wamrudie Rehoboamu na kumwua. Sulemani alikuwa amekufa, lakini hofu ya kuuawa ilivuka mpaka pamoja na mkimbizi wake, na ni hofu hiyo iliyozisubu zile ndama.

Katika ibada yetu ya Kiswahili wengi ni ndugu waliotoka Kongo, na baadhi yao huja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kila Jumapili tunaomba juu ya kurudi nyumbani. Ndugu mmoja huleta ombi lilelile: shamba lake la Rutshuru, huko Kongo, lenye migomba aliyoipanda na baba yake, ambalo jirani amelichukua. Humtaja jirani huyo kwa jina lake na la ukoo wake, na akifika hapo sauti hushuka, mikono hukunja kofia. Nami, mzee wa kanisa, nimeitikia amina kwa ajili ya shamba hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, bila kumuuliza hata siku moja anakusudia kumfanya nini jirani yule siku atakapolirudia. Jumapili hii, baada ya ibada, nitaketi naye nimuulize.