Sindano za dialisisi: mwanangu hashikiliwi tena

Kila aliyesikia mwanangu yuko kwenye dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zimeshindwa, alinipa ushauri, na mwingi ulikuwa mbaya. "Mwambie haiumi." "Mshikeni kabisa, ni dakika moja tu." "Mwanaume halii." Mtoto ana miaka tisa! Sindano za fistula, yaani mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri kwa upasuaji ili uchomwe, ni nene kuliko za chanjo, na huchomwa mbili: moja ya kutoa damu kwenda kwenye mashine, nyingine ya kuirudisha. Hiyo ni mara tatu kwa wiki. Ukimdanganya Jumatatu, Jumatano hakuamini kwa lolote.

Krimu ya ganzi, ile yenye lidokeini na prilokeini, daktari alituandikia mapema pamoja na kipimo. Kituo tulichoanzia walikuwa wakimpaka tukishafika, dakika kumi baadaye wanachoma. Mtoto akipiga mayowe, wanasema dawa haifanyi kazi. Inafanya! Inataka saa nzima, ipakwe nene bila kusuguliwa, ifunikwe plasta isiyopitisha hewa. Siku hizi nampaka nyumbani Umoja, hapa Nairobi, kabla ya kupanda matatu, na ile foleni ya Jogoo Road inayolaaniwa na kila mtu inatufaa sana.

Lakini upake wapi? Hawachomi palepale kila mara, maana mshipa ungedhoofika na kuvimba. Kwa hiyo akishafunguliwa kwenye mashine namwomba sista anionyeshe atachoma wapi siku ijayo, naweka alama kwa kalamu na kupiga picha kwa simu. Hili namweleza kila mzazi ninayekaa naye kwenye benchi. Krimu si ya bei rahisi, lakini ukijua sehemu zenyewe tyubu haiishi ovyo.

Kuchomwa, anachomwa ameketi wima. Kwanza anagusa fistula kwa vidole, asikie ule mtetemo wa damu. Kisha anachukua mrija na kifuniko chenye maji ya sabuni ya vyombo.

"Sista, anza na ya juu."

"Haya, mzee wangu, puliza."

Povu likianza kutoka, sindano inaingia. Kupuliza kunamlegeza mwili, na kuchagua ipi itangulie kumempa mamlaka aliyonyang'anywa na ugonjwa huu. Nimeona kwa macho yangu.

Kuna siku bado analia. Analia mkono ukiwa umenyooka, na hakuna ninayemruhusu kumwambia anyamaze, hata shangazi yake.