Ukoko wa Dodoma ulivyoiua hita yangu

Nilihamia Dodoma mwaka 2018, wizara zilipokuwa zikihamia huko, nikitokea Tabata, Dar es Salaam, ambako maji ya moto niliyahesabu kuwa ni ya wagonjwa na watoto wachanga. Kipupwe cha kwanza kilinikomesha. Mwezi wa saba, saa 11 alfajiri, upepo wa Dodoma unapuliza kana kwamba una kesi na wewe. Nikanunua hita ya tangi, lita 50, wati 1,500, fundi akaitundika bafuni juu ya mlango, nami nikasahau habari zake kwa miaka mitatu.

Dalili zilikuwepo, ila sikuzisikiliza. Ukiiwasha ilikuwa inatoa milio ya pu-pu-pu, kama bisi ndani ya sufuria lililofunikwa. Halafu taa yake nyekundu ikaanza kuzimika mapema, kuashiria maji yamepata moto, lakini ukifungua bomba yanatoka vuguvugu, na baada ya dakika tano hata huo uvuguvugu umekwisha. Lita 50 zilikuwa zimegeuka lita 20 na sikujua 30 nyingine zimekwenda wapi.

Mkasa wenyewe ulianza wiki ambayo mama mkwe alikuja kutoka Tanga kututembelea. Nilimwita fundi wa kwanza, kijana mwenye haraka. Hakupima kitu. Alisikia tu kwamba taa inazimika mapema akasema, "Themostati imekufa, bosi," yaani kile kifaa kinachozima hita maji yakishapata moto. Akaweka mpya, akaizungusha mpaka mwisho wa kipimo, nikatoa 35,000 pamoja na ufundi. Na kweli maji yakachemka! Mkwe akaoga akafurahi, nami nikajiona mkwe wa maana.

Siku ya tatu valvu iliyo chini ya tangi ikaanza kudondosha maji, matone mfululizo kila hita inapowaka. Nikampigia kijana yule. Alikuja na kifuniko cha plastiki na ile tepu nyeupe ya mabomba, akaliziba tundu, akakata tone. Kwa kuwa sakafu ilikauka, nikamshukuru na kumpa 5,000 ya soda. Nikikumbuka hiyo 5,000 mpaka leo nasikia aibu.

Baada ya siku tisa hivi, nikiwasha hita, umeme wa nyumba nzima unajikata. Nikiizima hita, umeme unarudi. Fundi wa pili alifika, akasimama mlangoni, akaangalia juu, akasema hita imezeeka ninunue nyingine, na kwamba yeye ana moja nzuri ya 350,000. Hakupanda hata ngazi. Nikamwambia nitafikiria.

Kwa muda wa siku nne maji ya mkwe yakachemshwa jikoni kwa gesi. Mke wangu anatoka mapema kuliko mimi, kwa hiyo kazi ya kubeba ndoo ikaniangukia. Waliolelewa kama mimi wanajua uzito wa jambo hilo: unaweka ndoo mlangoni pa bafu, unageuka upande wa pili ndipo unasema, "Mama, maji tayari," kisha unaondoka kwa miguu ya haraka. Yeye ananiitikia, "Ahsante, baba, Mungu akuweke," na mimi natamani ardhi ipasuke.

Fundi wa tatu nilielekezwa na jirani hapa Kisasa. Mzee wa makamo, mfuko wa turubai, multimita, kile kipimo cha umeme, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Birika lenu la chai liko wapi?" Nikadhani anataka chai. Alilifungua, akalichungulia ndani, akaona ukoko mweupe uliogandamana chini, akatikisa kichwa. Ndipo akapanda ngazi. Alipoiona ile valvu iliyozibwa akanyamaza kidogo, kisha akauliza nyuma ya ukuta ule analala nani. Nikamwambia mama mkwe. Akashuka, akaenda mwenyewe kuzima swichi kubwa ya nyumba, akarudi na kupima kwa testa kuhakikisha nyaya za hita hazina umeme.

Alinieleza huku anafungua. Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kama robo tatu ya lita, na kwa kuwa valvu hiyo haiyaruhusu kurudi kwenye bomba la baridi, ziada hutokea pale kwenye tundu. Kwa hiyo matone niliyoyalipia yakatwe yalikuwa ndiyo kazi ya valvu. Ukishaliziba, presha inabaki ndani. Themostati ikigoma kuzima, maji yanapita nyuzi 100 bila kuwa mvuke kwa sababu yamebanwa, na siku tangi litakapopasuka sehemu yake inageuka mvuke kwa mpigo. Hakusema zaidi ya hapo. Nami sikuuliza.

Kisha akapima elimenti, kile chuma kinachochemsha maji. Miguu yake miwili ilisoma omu 35, ambayo kwa wati 1,500 ni sawasawa. Lakini alipopima kati ya mguu mmoja na chuma cha mwili wake, ambapo hapatakiwi kusoma kitu, mshale ukapanda. Umeme ulikuwa unavujia kwenye maji. Hapo nikaelewa kwamba ile breka iliyokuwa inajikata na kuniudhi ndiyo iliyotuokoa, na nikashukuru kwamba nyumba hii ina waya wa ethi wa kweli, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Tangi lilipomwagwa maji na sahani ya chini kufunguliwa, elimenti ilitoka imenenepa kama muhogo wa kuchemsha, na nyuma yake ukafuata ukoko, vipande kama maganda ya mayai, karibu nusu ndoo ya lita 20. Sehemu ya zile lita zangu zilizopotea! Maji yetu hapa ya visima vya Makutupora ni mazito kwa madini. Ukiyachemsha, chokaa hujitenga na kung'ang'ania pale penye moto zaidi. Kikonyo cha themostati kilikuwa kimefukiwa ndani ya ukoko huo pamoja na elimenti, kinasikia joto lililozuiwa pale, kinazima, wakati maji ya juu bado baridi. Themostati ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Na kuizungusha ile mpya hadi mwisho kulizidisha ukoko, kukaiunguza elimenti ndani ya gamba lake mpaka ikapasuka.

Alikosha tangi kwa mpira wa maji na kijiti cha mti, akanikataza kutumia chuma kukwangua kwa sababu ndani limepakwa enameli, na penye mchubuko ndipo kutu huanzia. Kile kijiti cha magnesiamu, anodi, ambacho kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, kilikuwa kimebaki waya mtupu. Nikatumwa mjini na vifaa vyote vya zamani mkononi nisije nikauziwa visivyolingana: elimenti 28,000, anodi 15,000, gasiketi 3,000, valvu 12,000. Ufundi 40,000. Jumla 98,000.

Kabla ya kuwasha alifungua bomba la moto, akangoja mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa; elimenti ikiwaka tangi likiwa tupu, alisema, haimalizi dakika kadhaa. Akaweka themostati kwenye 60, akaniachia tundu la valvu likiwa na mpira mdogo unaoelekea kwenye bomba la sakafuni.

Siku hizi naifungua kila Mei, kabla ya kipupwe. Mara ya mwisho nilitoa ukoko wa kujaza kikombe kimoja, na anodi ilikuwa imeliwa nusu. Fundi wa kwanza tunakutana njiani, ananisalimia bosi, naitikia.

Mkwe alirudi Juni iliyofuata. Nikamwonyesha bomba lenye alama nyekundu, nikamweleza namna ya kuchanganya. Akalitazama, akasema hayo maji ya kumpigia kichwani hayataki, na kama si usumbufu, ile ndoo iko wapi.