Bango Limeshuka

Jumamosi, saa tatu usiku

Leo mchana tumeshusha bango la shirika letu. Miaka 17 limekaa juu ya geti letu, limepigwa jua, limepigwa na upepo wa Ziwa, herufi zake za bluu zimefifia mpaka zikawa rangi ya maji ya kufulia, na bado lilisomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Ubaya wake ulikuwa huohuo. Lilisomeka.

Jina lenyewe sitaliandika hapa, wala lile jipya. Mkifika chini mtaelewa. Itoshe kusema la zamani lilikuwa refu, lina "kupinga" ndani yake, lina "ukatili", lina "waathirika", na kifupisho chake hakuna aliyewahi kukitamka sawasawa, hata mlinzi wetu. Vijana wa bodaboda wa kijiweni walishalifupisha kwa namna yao: "kwa wale wa kupigwa." Mwanamke akimwambia kijana ampeleke huko, kijana anageuka kwanza kumtazama usoni, halafu ndiyo anapiga kiki.

Tuliishi na jambo hilo miaka yote tukiliona dogo. Mwaka jana likaacha kuwa dogo.

Kuna mama mmoja anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane.) Kesi yake ilishafika dawatini polisi, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ilishajazwa, na kwetu alikuwa anakuja mara ya nne kuzungumza na mnasihi. Kila anayekuja tunamrudishia nauli. Zamani tulikuwa tunaitoa mkononi, lakini mkaguzi wa hesabu akasema kila shilingi iwe na ushahidi, tukahamia kutuma kwa simu. Tukajiona watu wa kisasa kweli. Siku hiyo tukamtumia Sh 6,000 jioni. Simu yake ilikuwa inachajiwa mezani, mumewe anakula. Ujumbe ukaingia: umepokea shilingi elfu sita kutoka kwa… na hapo jina letu likajipanga lote, kwa herufi kubwa, "ukatili" na "waathirika" na vyote vilivyomo.

Asubuhi nilimkuta kwenye benchi kabla sijafungua ofisi. Kanga ameishusha mpaka kwenye nyusi. Nilianza kumwomba radhi, akanikatisha.

"Dada, mimi siwalaumu. Ila jina lenu lina mdomo."

Nimekaa kwenye kazi hii mwaka wa 11 sasa. Nimeandika maandiko ya miradi yasiyo na idadi, nimekaa semina za "usiri wa mteja" kuanzia chai ya saa nne mpaka shukrani za mgeni rasmi. Makabati yetu yana kufuli, mafaili yana namba badala ya majina. Na kumbe mvujishaji tulimpaka rangi wenyewe na kumpandisha juu ya geti.

Kikao cha kwanza kiliishia kwenye kamusi. Wajumbe wengi wa bodi walidhani tatizo ni neno moja tu, "waathirika", tuling'oe tupachike jingine, twende tukale. Na kweli neno hilo lina kisa chake. Aliyekuwa mtu mzima miaka ya tisini anakumbuka mwathirika alikuwa nani: mwenye virusi. Wenyewe walilikataa, siku hizi ni WAVIU, watu wanaoishi na VVU. Lakini mtaani harufu yake haijatoka. Ukisema fulani "ameathirika", hakuna atakayekuuliza ameathirika na nini. Binti mmoja aliwahi kutuambia majirani walimwona akiingia getini kwetu, wakasoma bango, wakaacha kununua maandazi ya mama yake. Hatukuelewa mpaka alipotufafanulia. Walidhani sisi ni kliniki.

Mwenyekiti wetu, tunayemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, akatupa somo. Wakenya, alisema, wana "mwathiriwa", na wao wako makini kuliko sisi. "Kuathirika ni kama kuvunjika. Kikombe kimevunjika. Nani kakivunja? Hakuna, kimevunjika tu. Lakini mwathiriwa ana hiyo -w- ndani yake, na hiyo -w- inamtafuta mtenda." Nimekaa na sentensi hiyo kichwani tangu siku ile. Mashirika mangapi yameandika kuhusu vikombe vilivyojivunja vyenyewe.

Mtu akataja "mhanga". Mwingine akakumbusha kwamba mhanga pia ni yule mnyama mwenye pua ndefu anayechimba mashimo usiku akitafuta mchwa, kikao kikacheka dakika nzima, na hoja ikafia hapo.

Likabaki "manusura", ambalo ndilo wafadhili wanalipenda, na mimi nilikuwa nalo moyoni. Lina nusra ndani yake, lina mtu aliyetoka upande wa pili. Tukawaita wanawake saba tuliowahi kuwahudumia, tukawawekea soda, tukawasomea. Kimya. Sasa nielezeni, ninyi mnaosoma mkiwa Dar au Arusha: hapa Mwanza neno manusura lina maji. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika mjini, na makaburi yako Igoma, daladala zinayapita kila siku. Tarehe 20 Septemba 2018 ikawa MV Nyerere, pale Ukara, na mhandisi mmoja akatolewa hai siku mbili baadaye tulipokuwa tumeshakata tamaa. Hao ndio manusura. Mmoja wa wale saba akaweka chupa chini, akasema taratibu, kama anayenikumbusha kitu ninachokijua:

"Manusura ni yule ambaye meli imeshazama, yeye katoka. Mimi bado nimo melini. Nikitoka hapa narudi kupika."

Niliandika maneno yake pembeni ya daftari nikayapigia mstari mara mbili. Mshauri mwelekezi tuliyeletewa na mfadhili naye alikuwepo, amekuja na majina matatu ya vifupisho vinavyong'aa na nembo ya kipepeo. Sikumwona akiandika kitu.

Baada ya hapo swali likageuka, siyo tena tuwaite nani. Kwa nini tuwaite kitu chochote mlangoni? Watu wenyewe walishatuonyesha. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lina jina refu, lakini hakuna anayelitaja lote. Mwanamke anasema "nimekwenda dawati" na ni neno la meza tu, la shule, halimshitui mtu. Zanzibar kile kituo kinachokuwekea daktari, polisi na mnasihi mahali pamoja wanakiita Mkono kwa Mkono. Sema jina hilo mbele ya mkwe wako kama atainua kichwa.

Nilidhani nimeshinda. Nikasahau Mwalimu.

Alisimama, na yeye hasimami hovyo siku hizi kwa sababu ya goti. Akatukumbusha kwamba walipoanza, wanawake watano na mashine moja ya kuchapia, kituo cha polisi cha karibu hakikuwa na dawati. Ukienda na jicho limevimba unaambiwa hayo ni mambo ya ndani, kayamalizeni na wazee. Yeye alikuwa anatembea na kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kwenye mkoba, nakala imechanika kwenye mikunjo, kile kinachosema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Anakisoma misibani, anakisoma kwenye vikao vya mahari, wazee wanamwuliza umeitoa wapi sheria hiyo, anawajibu iliandikwa Nyerere akiwa Rais. "Neno ukatili tulilipandisha juu ya geti wakati hakuna aliyekuwa analitamka kwa sauti. Watu walikuwa wanapita wanacheka. Baadaye wakaacha kucheka. Leo mnataka tulishushe tulifiche. Haya, niambieni, ameshinda nani?"

Sikuwa na jibu. Sina hata sasa ninapoandika. Nilichokuwa nacho ni yule mama wa Mwaloni, ambaye siyo mwanachama, hakualikwa, na wala hakuwa na habari kwamba tunagombana kwa ajili yake. Mwalimu alikuwa anaongea na wapita njia. Ni kazi, na aliifanya wakati sisi wengine tuko shule ya msingi. Lakini mpita njia akishasoma anaondoka zake. Jina analala nalo yule mwenye simu.

Mjumbe mwingine akauliza kama sasa tutawafundisha wanawake kusema uongo nyumbani. Mweka hazina, ambaye kwa kawaida hasemi chochote kisicho na tarakimu, akamjibu kwamba yeye mwenyewe ana miaka tisa mumewe hajui yuko vikoba vingapi, na ndoa inaendelea vizuri.

Katiba yetu inataka theluthi mbili ya wanachama. Tulihitaji kura 21, tukapata 22. Mwalimu alipiga ya hapana akiwa amenyoosha mkono juu kabisa ili muhtasari usikosee. Tulikubaliana pia, kwa kumheshimu lakini siyo kwa kumheshimu tu, kwamba kwenye katiba ukatili unabaki kuitwa ukatili, kwenye malengo, kwenye ripoti, kwenye mafunzo yetu kwa kamati za kata za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na mahakamani tukiitwa. Linalobadilika ni geti, risiti na simu.

Ya makaratasi sitawachosha. Mashirika kama letu yako chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kwa hiyo ni Msajili, muhtasari wa mkutano mkuu, katiba iliyorekebishwa, barua, kurudishwa kwa sababu ya barua, barua nyingine. Afisa maendeleo ya jamii alitusaidia sana. Benki wakataka kila kitu upya, muhuri mpya, saini mpya. Hayo yote yalikwenda.

Kilichokwama ni kilekile kilichotuanzisha. Mtandao wa simu tunaoutumia kulipia nauli walichukua wiki tano kubadilisha jina linalotokea kwenye ujumbe. Wiki tano! Kwenye cheti sisi ni wapya, kwenye ukuta tumeshazungumza na fundi, lakini ukituma shilingi, linaita lilelile la zamani. Tukarudi kwenye bahasha. Elfu sita kwenye bahasha ya kaki, saini kwenye daftari. Mkaguzi atakuja Machi na atakuwa na maneno, na mimi nimeshayaandaa yangu.

Jumatano ikakubali. Nilijitumia Sh 500 nione. Nikausoma ujumbe nimesimama uani, nikampa mlinzi naye asome, nikamwuliza, hii pesa unadhani imetoka wapi? Akafikiri. "Kwenye kikoba?" Inaweza kuwa kikoba. Inaweza kuwa saluni, au duka la vitenge, au mtu aliyekuwa anakudai akaamua kujishusha. Nilifurahi kuliko siku nilipopata kazi.

Basi leo fundi akaja na ngazi. Bango ni bati la futi nne kwa sita, skrubu zimeliwa na kutu, ikabidi azikate kwa msumeno. Lilipoanguka lilitoa sauti kubwa, mbwa wa jirani wakaanza. Nyuma yake ukutani kumebaki pembe nne safi, rangi ya krimu kama ilivyokuwa siku ya kwanza, pengine pote pamekuwa kahawia. Fundi amepiga mkono mmoja wa rangi na bado pembe nne inaonekana. Anasema kesho atapiga wa pili, na kama haitoshi, wa tatu, na kopo la nyongeza ni juu yetu.

Sikumtegemea Mwalimu. Saa kumi hivi guta likasimama nje, yeye yuko mbele pembeni ya dereva, amefunga kilemba, fimbo mapajani. Anataka bango. Nikamwuliza la kazi gani. Banda lake la kuku linavuja, alisema, na bati zuri kama lile haliokotwi. "Na kuku wangu hawana waume wa kuwasomea."

Tulilibeba watu watatu. Mwenye guta, kijana mwenye adabu zake, akaanza kuligeuza ili maandishi yaangalie ndani, maana anajua barabara ile na anawajua watu wake. Mwalimu akampiga kidogo na fimbo kwenye bega.

"Acha hivyohivyo."

Wakaondoka kuelekea Buzuruga, bango limesimama kwenye guta limefungwa kamba mbili, herufi zote nje. Nilisimama getini mpaka walipokata kona. Kwenye kijiwe bodaboda wote walikuwa wamegeuka.